Kigiriki na Kilatini Chuo Kikuu: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara na Vijana wa Kisumu na Magharibi

Ninafundisha Historia na Kiswahili katika shule ya upili hapa Kisumu. Jumamosi asubuhi ninakaa na vijana wachache tukisoma Kilatini na Kigiriki cha kale. Kilatini nilikianza seminarini, Kigiriki nikakikuta chuoni. Upadri sikuufikia, lakini lugha hizo hazikuniacha. Maswali haya hunijia kila mwaka matokeo ya KCSE yanapotangazwa, mengine kutoka kwa wanafunzi, mengine kutoka kwa wazazi.

Somo hili hasa linahusu nini?

Linahusu ulimwengu wa Wagiriki na Warumi wa kale, tangu tenzi za Homer, zinazokadiriwa kuwa za karne ya 8 kabla ya Kristo, hadi dola ya Roma ya magharibi ilipoanguka katika karne ya 5 baada ya Kristo. Ndani yake mna historia, falsafa, ushairi, tamthilia, sheria na akiolojia. Vyuo vingine hutia mkazo kwenye lugha, vingine hukuruhusu kusoma kwa tafsiri. Princeton, kwa mfano, iliondoa mwaka 2021 sharti la kujua Kigiriki au Kilatini kwa wanaochukua shahada hiyo. Uamuzi huo uliwafungulia wengi mlango, na ninauelewa. Hata hivyo, kijana akiniomba ushauri humwambia asome lugha. Bila lugha unamwachia mfasiri akuchagulie maana, na hutajua alichokiacha.

Naweza kusoma digrii hii hapa Kenya?

Digrii kamili, hapana. Maseno, Masinde Muliro, Kibabii, Egerton pale Njoro: hakuna chenye idara hiyo, kwa hiyo usikeshe ukiitafuta kwenye orodha ya KUCCPS, wanaowapangia wanafunzi vyuo. Kinachopatikana ni lugha kwa kipimo cha kanisa. Seminari kuu za Kikatoliki hufundisha Kilatini, na vyuo vya theolojia kama St Paul's, Limuru, hufundisha Kigiriki cha Agano Jipya.

Njia ninayowashauri wengi ni kuchukua digrii ya jirani hapa nyumbani (falsafa, historia, isimu au masomo ya dini), kujifunza lugha pembeni kwa miaka hiyo yote, kisha kuomba uzamili nje.

Na "nje" si lazima iwe Ulaya. Chuo cha Ibadan, Nigeria, kilianza mwaka 1948 na somo hili lilikuwa miongoni mwa ya mwanzo. Mshairi Christopher Okigbo alilisoma hapohapo. Ghana wanalo Legon, katika idara moja na falsafa. Stellenbosch, Afrika Kusini, wanalo. Malawi wanalo kule Zomba, na historia yake inafaa kujulikana: Rais Kamuzu Banda alilipenda somo hili kiasi kwamba mwaka 1981 alifungua shule ya bweni huko Kasungu, Kamuzu Academy, ambako Kilatini na Kigiriki vilikuwa vya lazima. Watu walibishana, na bado wanabishana, kama nchi maskini ilipaswa kutumia pesa hivyo. Mimi naona kosa lilikuwa kuifanya elimu hiyo ya wachache waliochaguliwa. Kuwafundisha watoto wa Malawi Kigiriki halikuwa kosa.

Sikusoma Kilatini sekondari. Nimechelewa?

Hujachelewa. Oxford na Cambridge zenyewe zina njia ya miaka minne inayompokea mtu asiyejua hata neno moja. Kinachokwamisha vijana wetu ni cheti: vyuo vingi vya Uingereza havipokei KCSE peke yake, hudai mwaka wa maandalizi au mitihani ya A-level. Panga hilo mapema.

Nianze na ipi?

Kama huna sababu maalumu, Kilatini, maana herufi unazijua tayari. Kama kinachokuvuta ni Injili au falsafa, anza na Kigiriki. Herufi zake 24 hazimalizi wiki mbili. Usianze zote mwezi mmoja.

Ni ngumu kiasi gani kwa mtu wa huku?

Ngumu, lakini si pale watu wanapodhani.

Chukua kitenzi. Sisi tunasema *a-ta-penda*: nafsi, wakati, mzizi. Mrumi alisema *ama-bi-t*: mzizi, wakati, nafsi. Ni jengo lilelile limegeuzwa mbele nyuma. Kijana aliyekulia kwenye Kiswahili hapotezi siku akishangaa kwamba neno moja laweza kubeba sentensi nzima.

Kisha upatanisho. Nenda soko la Kibuye usimame mbele ya mama anayeuza omena. Jina la kitaalamu la samaki huyo ni *Rastrineobola argentea*. *Argentum* ni fedha, ile madini. *Argentea* ni "wa fedha", na ukiwatazama omena walioanikwa jua linapowapiga utakubali kwamba aliyewapa jina alikuwa na macho. Mbuta naye ni *Lates niloticus*, "wa Nili". Kwa nini mmoja anaishia *-ea* na mwingine *-us*? Kwa sababu nomino ya kwanza ni ya jinsia ya kike na ya pili ni ya kiume, na kivumishi hufuata nomino yake, kama vile kitabu kinavyodai "kizuri" na mti unavyodai "mzuri". Jinsia za Kilatini ni ngeli tu. Wao wana tatu. Sisi tunazo nyingi zaidi na tunazisema bila kufikiri. (Ukiwa Nakuru, fanya zoezi hilo kwa heroe. *Phoenicopterus* ni Kigiriki kilichovaa nguo za Kilatini: *phoinix*, wekundu uliokolea, na *pteron*, bawa. Mwone akiruka ndipo utajua ni bawa gani lililotajwa.)

Panapouma ni uhusika. Kwa Kiswahili, "mvuvi amemwona samaki" na "samaki amemwona mvuvi" ni habari mbili, na tunazitofautisha kwa mpangilio. Mrumi husema *piscator piscem videt* au *piscem piscator videt*, na mara zote anayeona ni mvuvi, kwa sababu ile *-em* imemtia alama samaki kuwa ndiye aonwaye. Kilatini kina alama za namna hiyo kwa hali sita, umoja na wingi, na nomino zimegawanyika makundi matano. Hapo ndipo wanafunzi wangu hukata tamaa, kwa kawaida wiki ya tano au ya sita.

Nilipokuwa kijana nilifundishwa kwa kukariri majedwali tu. Mwaka mzima tuliimba miisho ya nomino asubuhi na jioni, na hatukuwahi kusoma ukurasa mmoja wenye hadithi. Nilijua yote na sikuelewa chochote. Kwa hiyo siku ya kwanza huwapa wanafunzi wangu sentensi, na jedwali huja baadaye kueleza walichokwisha kukiona.

Dholuo, Kiluhya au Kiswahili changu kitanisaidia?

Swali hili ndilo nilipendalo kuliko yote, na jibu ni ndiyo, kuliko unavyofikiri.

Alama zile juu ya herufi za Kigiriki huwatesa wanafunzi wa Ulaya, wengi wao huziruka. Zilikuwa alama za toni. Mgiriki wa kale alipandisha na kushusha sauti ndani ya neno. Mkazo ulikuja kuchukua nafasi ya toni baadaye. Mtu wa Siaya au wa Bungoma hahitaji kuelezwa toni ni nini. Anaitumia tangu alipoanza kusema.

Kiswahili nacho kina zawadi yake. Vitabu vya Kiingereza huhangaika kurasa na kurasa kueleza kwa nini Kigiriki kina wakati mmoja wa "alifanya" na mwingine wa "amefanya". *Apethanen*, alikufa. *Tethnēken*, amekufa. Tukiingia ndani zaidi: Mgiriki akitaka kusema mtu yuko wima hutumia hali ileile ya "-me-", *hestēken*, na sisi tunasema "amesimama", tukimaanisha hali yake sasa hivi. Ameketi, amelala, amevaa. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza swali la pili juu ya jambo hili.

Na kuna kitenzi *paideuō*, "ninafundisha". Mgiriki alikuwa na kauli ya tatu, isiyo ya kutenda wala ya kutendwa: *paideuomai ton huion*. Mwanafunzi mmoja wa kike alikaa na sentensi hiyo dakika nzima, kisha akasema, "Mwalimu, si ni 'ninamsomesha mwanangu'? Yaani yeye hafundishi, analipa karo." Ndivyo hasa. Mzazi anafanya mtoto afundishwe, na jambo lenyewe linamhusu yeye mzazi. Nimekuwa nikilifundisha hivyo tangu siku hiyo.

Mwisho, Homer. Katika miaka ya 1930 Mmarekani Milman Parry aliwarekodi waimbaji wa Yugoslavia waliotunga tenzi ndefu papo hapo bila kuandika, akaonyesha kwamba mafungu ya maneno yanayojirudia kwa Homer ni vifaa vya kazi vya mwimbaji wa namna hiyo. Mtu aliyekaa matangani akamsikiliza mpiga nyatiti akimsifu marehemu, ukoo wake na wajomba zake, akirudia sifa zilezile zikiwa na kiungo kipya, hapati shida kuamini hilo. Nyatiti yenyewe ni kinubi cha nyuzi nane, ndugu wa kile cha Wagiriki. Ala hiyo kwao ilibaki kwenye picha za vyungu. Kwetu bado inapigwa.

Lakini hizi si lugha za wakoloni?

Kilatini kiliingia magharibi mwa Kenya mkononi mwa wamisionari, na wazee wetu waliitikia *et cum spiritu tuo* Jumapili baada ya Jumapili bila mtu kuwafafanulia neno moja, hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoleta misa kwa lugha za watu katika miaka ya 1960. Kote walikotawala Wazungu, lugha hizi zilitumiwa kama uzio: anayezijua ameelimika, asiyezijua akae nje. Sitaki mwanafunzi yeyote asahau hilo.

Sasa tazama ni akina nani walioziandika. Terence, mwandishi wa tamthilia aliyesomwa kwa karne nyingi kama kielelezo cha Kilatini safi, alifika Roma akiwa mtumwa kutoka Afrika ya kaskazini. Mwandishi Apuleius ni mwana wa Madauros, Algeria ya leo. Agostino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, nchi hiyohiyo, naye anakiri kwamba utotoni alikichukia Kigiriki kwa sababu ya vitisho na viboko vya walimu. Kila nikisoma ukurasa huo huwakumbuka wanafunzi wangu. Eratosthenes, aliyekadiria mzingo wa dunia kwa kulinganisha kivuli cha Alexandria na jua la Aswan, alizaliwa Cyrene, Libya. Baadaye sana Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa pwani ya Ghana, aliandika tasnifu zake kwa Kilatini Ujerumani katika miaka ya 1729 na 1734. William Sanders Scarborough alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1852, na mwaka 1881 akachapisha kitabu chake cha kufundishia Kigiriki.

Na sisi wenyewe tumo. Maelezo ya kale kabisa ya pwani ya Afrika Mashariki tuliyo nayo yaliandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri katika karne ya 1 baada ya Kristo. Anaitaja bandari ya Rhapta, pembe za ndovu, na wafanyabiashara Waarabu waliooa huku na kuijua lugha ya wenyeji. Jina Rhapta, anasema, limetokana na mashua zilizoshonwa, kutoka kitenzi *rhaptō*, ninashona. Mswahili anajua mashua hiyo: ni mtepe. Utendi wa Tambuka nao, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unasimulia vita na Herekali, kaisari wa Rumi, ambaye lugha ya dola yake ilikuwa Kigiriki.

Kuna kipande kimoja ninachokisoma na kila kundi jipya. Seneca, mwanafalsafa wa Roma, anasimulia kwamba kaisari Nero aliwatuma maakida wawili kutafuta chanzo cha Nili, na kwamba aliwasikia kwa masikio yake waliporudi. Walifika kwenye vinamasi visivyo na mwisho ambavyo hata wenyeji hawakujua vinatokea wapi, *implicatae aquis herbae*, majani yamesokotana na maji, hapapitiki kwa miguu wala kwa chombo, ila kidogo cha kubeba mtu mmoja. Wasomi wengi huona kwamba walifika Sudd, Sudan Kusini. Kijana mmoja wa Dunga, ambaye baba yake ni mvuvi, aliposoma maneno yale matatu aliinua kichwa akasema, "Hayo ni magugumaji." Alikuwa amemwona baba yake akisukuma mtumbwi katikati ya majani hayo asubuhi ileile. Mimea ni tofauti, lakini hakuna mhadhiri angemweleza sentensi ile vizuri zaidi ya hapo.

Nitapata kazi gani?

Nitasema wazi. Hakuna tangazo la kazi Kisumu linalotafuta mjuzi wa Kigiriki. Na kama unataka kuajiriwa na TSC katika shule ya upili, lazima uwe na masomo mawili yanayofundishwa. Kilatini si mojawapo. Unganisha basi na Kiswahili, Historia au Dini.

Waliosoma somo hili huingia sheria, uhariri, tafsiri, makumbusho, hifadhi za nyaraka, kanisa na utafiti. Mwanafunzi wa sheria hukutana na Kilatini kwenye Katiba yenyewe: Ibara ya 25 inasema haki ya kupata amri ya *habeas corpus* haiwezi kuwekewa mipaka. Tafsiri ya Biblia kwa lugha zetu nayo inahitaji watu wanaosoma Kigiriki moja kwa moja, wasiopitia Kiingereza. Kazi hiyo haijaisha.

Wazazi hawataki kusikia. Niseme nini?

Mama mmoja kutoka Ahero alinijia akiwa amevua viatu mlangoni, amekasirika kwa adabu. "Mwalimu, huyu kijana wangu amepata alama za kwenda sheria, ananiambia anataka lugha za watu waliokufa. Nimeuza ng'ombe wawili kwa karo yake." Nilimwambia, "Mama, una haki ya kuuliza." Sikumwambia kwamba mwanawe anajua anachofanya, kwa sababu mtoto alikuwa bado hajui.

Tulikubaliana hivi: kijana aende sheria, asome Kilatini saa moja kwa siku kwa mwaka mmoja, kisha tuzungumze tena. Mwaka ulipoisha alikuwa hajaacha. Mama mwenyewe ndiye aliyeniuliza uzamili unaombwaje. Kwa hiyo usimpinge mzazi kwa maneno. Mwonyeshe mwaka mmoja wa kazi.

Pesa nitazitoa wapi?

Ndani ya nchi, mkopo wa HELB na basari za kaunti na maeneo bunge hufuata digrii uliyopangiwa, hiyo ya jirani niliyoitaja. Marekani, vyuo vichache kama Harvard, Yale, Princeton na Amherst humchagua mwanafunzi wa kigeni bila kuangalia uwezo wake wa kulipa, kisha hujazia pengo lote. Kuingia ni kugumu sana, lakini maombi mazuri ya mtoto wa Kakamega aliyejifunza Kilatini peke yake kwenye simu husomwa kwa makini. Kwa uzamili, kuna Rhodes kwa ajili ya Oxford, ambayo Wakenya wanaweza kuiomba, na Mandela Rhodes kwa Afrika Kusini.

Lazima niwe Mkatoliki?

La. Nusu ya darasa langu si Wakatoliki, na wawili ni Waislamu, ambao huyatambua haraka maneno kama falsafa, kasri na sabuni. Yalipita Uarabuni yakitoka kwa Wagiriki na Warumi kabla ya kufika kwetu.

Nitamke vipi?

Kanisani *Caesar* hutamkwa "Chezar". Vyuo vikuu hufuata matamshi ya enzi yake: *c* ni *k* daima, *ae* ni *ai*. Maana yake Biblia ya Kiswahili inaposema "Kaisari" iko karibu na Warumi kuliko Kiingereza.

Nina simu tu. Naweza kuanza?

Unaweza. Perseus, maktaba ya dijitali ya Chuo Kikuu cha Tufts, ni ya bure: ukigusa neno lolote la Kigiriki au Kilatini inakuonyesha mzizi, uhusika na maana. Vile vitabu vidogo vya Loeb, vyekundu kwa Kilatini na kijani kwa Kigiriki, vyenye tafsiri ukurasa wa pili, vilianza kuchapishwa miaka ya 1910, na vile vya mwanzo vimekwisha muda wa hakimiliki, vinapakuliwa bure. Pakua ukiwa na bando ya usiku, usome bila mtandao mchana.

Onyo moja. Programu za kutafsiri zitakupa Kiingereza cha aya nzima kwa sekunde. Ukizitumia miezi sita ya kwanza hutajifunza kitu. Andika tafsiri yako kwanza, kwa Kiswahili au Dholuo, hata kama ni mbovu, ndipo ulinganishe.

Nisome kiasi gani kwa siku?

Dakika arobaini kila siku, Jumapili ikiwemo, ni bora kuliko saa sita za Jumamosi. Kwa kipimo hicho wanafunzi wangu husoma Kilatini rahisi baada ya miezi kumi, na maandishi ya Caesar mwenyewe, polepole, kwenye mwaka wa pili. Mshairi Virgil humchukua mtu miaka mitatu. Mistari mitano kwa siku inatosha.

Nikija Jumamosi nilete nini?

Daftari la mistari na kalamu za rangi mbili, moja ya kuandika na moja ya kupigia mstari miisho ya maneno. Tunaanza saa tatu, tunamaliza saa sita. Kitabu tutasomea pamoja mpaka upate chako.